Saksafoni ya Baba Mdogo: tuitengeneze au tununue nyingine?

Tarehe 2 Machi

Mfungo umeanza, na Jumatano hii ni Jumatano ya Majivu. Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zimeandamana, kwa hiyo harusi za Dar zimekatika zote kwa mpigo. Kwa kikundi cha matarumbeta kama chetu hiyo ni njaa ya wiki saba. Lakini ndiyo nafasi pekee ya kuishughulikia ile saksafoni ya tenori bila mtu kupiga simu kuuliza pikapu imefika wapi.

Ugonjwa wake ni huu. Noti za juu zinatoka vizuri. Ukianza kushuka, kwenye F unasikia upepo umechanganyika na sauti, D inataka uminye vibonyezo kama unakamua jinzi, na B ya chini inalia kama ndama. B flati nimeacha hata kuijaribu tangu mwaka jana. Nimekuwa nikizikwepa noti hizo kwa kupandisha wimbo, na ukiwa juu ya pikapu Barabara ya Kilwa, ngoma kubwa inapigwa mgongoni kwako, hakuna anayegundua. Mimi nagundua.

Mhazini ana 1,640,000 kwenye laini ya kikundi. Vijana wanataka tununue mpya. Mimi nimeomba tuichunguze kwanza hii. Baba mdogo, ambaye ndiye mwenye saksafoni, hakusema kitu. Alimaliza chai yake, akaaga. Kikao cha kuamua ni tarehe 22, na naandika haya ili siku hiyo niwe na cha kusoma badala ya kupaza sauti.

Tarehe 5 Machi

Leo nimeifungua kwenye mkeka, Chang'ombe, nyumbani kwa baba mdogo. Kwenye mdomo mpana wa saksafoni imechongwa Weltklang, maneno mawili ya Kijerumani yaliyoshikanishwa: ulimwengu na sauti. Ilitengenezwa Ujerumani Mashariki, nchi iliyokoma mwaka 1990. Ila pedi za saksafoni, vile vifuniko laini vinavyoziba matundu, hupimwa kwa milimita, na pedi haiulizi chombo kilizaliwa wapi.

Ndani ya kasha, chini ya kitambaa cha kufutia, kuna barua yenye muhuri. Nilikuwa nimeisikia tu, leo nimeisoma. Baba mdogo alipiga kwenye bendi ya shirika moja la umma. Vijana wa siku hizi hawalijui hili: bendi nyingi kubwa za enzi zile zilikuwa na mwajiri. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama tawala, na polisi na jeshi walikuwa na zao. Vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mpulizaji hodari akihama bendi, anahama na mapafu yake tu. Bendi ya baba mdogo ilipokufa walikuwa wanamdai mwajiri mishahara ya miezi saba, na yeye alipewa saksafoni badala ya fedha. Barua inasema hivyo kwa sentensi mbili, na inataja mpaka kasha lenye bawaba mbovu. Bawaba bado ni mbovu.

Nikaanza uchunguzi. Adolphe Sax, Mbelgiji aliyekipatia chombo hiki hati ya ubunifu Paris mwaka 1846, alikitengeneza kama pembe: bomba jembamba shingoni, linapanuka hadi mdomoni, na matundu yaliyopangwa njia nzima. Ili upate noti ya chini kabisa lazima matundu yote yafunikwe barabara. Tundu la juu likivuja hata kidogo, upepo unatorokea pale, na noti ya chini inakufa wakati za juu zinaendelea kama kawaida. Ndiyo maana watu wengi hubadilisha pedi kubwa za chini, wakatumia fedha, na B isitoke. Maumivu yako miguuni, ugonjwa uko kichwani.

Tarehe 8 Machi

Kariakoo, kuangalia mpya. Tenori ya Kichina isiyo na jina linalojulikana, inang'aa kiasi cha kujinyolea ndevu: 1,800,000, ikashuka hadi 1,550,000. Nilikwenda na kipulizio changu na karatasi za kusokotea sigara. Unaweka kipande cha karatasi kati ya pedi na ukingo wa tundu, unafunga taratibu, unavuta. Ikikaza, pedi imekaa. Ikiteleza, inavuja.

Kwenye ile mpya karatasi iliteleza sehemu nne.

Muuzaji, kijana mstaarabu tu, akaniambia, "Mzee, hiyo mpya, bado haijajikalia. Ukiipiga mwezi mmoja itajikaza yenyewe." Kiatu kinafanya hivyo. Pedi haifanyi. Kilichonitia shaka zaidi ni kwamba niliposukuma kibonyezo cha pembeni kwa dole gumba, mkono wa kibonyezo ulipinda kidogo na haukurudi. Nikaunyoosha haraka, nikaangalia kama ameona. (Ameona.)

Kuna mpulizaji wa Sinza anauza Yamaha YTS-23 iliyotumika. Hiyo nimeipiga mara moja na ni chombo cha kweli, lakini anataka milioni tatu na laki mbili, na anajua anachouza. Hapo imetupita.

Tarehe 11 Machi

Umeme ulikatika saa mbili usiku, na kwa mara ya kwanza maishani nikashukuru. Njia ya uhakika ya kutafuta mvujo ni kutumbukiza taa ndani ya bomba kwenye giza, ufunge vibonyezo, uone mwanga unatokea wapi. Mafundi wa nje wana taa maalumu. Mimi nina mkanda wa LED wa shilingi elfu kumi, ule wa kupambia sebule, na pawabenki.

Pedi ni 24. Zilizovuja ni 11. Mbaya kabisa ni tatu za juu, za kiganja cha kushoto, ambazo hata nisipozigusa zilikuwa zinaonyesha mstari wa mwanga. Hizo huwa zimefungwa muda wote kwa nguvu ya springi, kwa hiyo mtu unazisahau. F ya juu ilikuwa na pedi nyeusi, nene, tofauti na wenzake.

Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda anatazama. "Hiyo nilikata ulimi wa kiatu," akasema. "Kiatu changu mwenyewe. Tulikuwa na onyesho Tanga."

"Lini hiyo, baba?"

"Kabla hujaoa."

Nimeoa mwaka 1998.

Tarehe 15 Machi

Hii ni siku ambayo ningetaka kila anayefikiria kutupa saksafoni aisome.

Shingo ya saksafoni inachomekwa kwenye bomba na kukazwa kwa skrubu. Miaka arobaini ya kuizungusha huku na huku imekisaga kile kiungio. Ukikaza skrubu mpaka mwisho, shingo bado inacheza kidogo, na hapo ndipo juu kabisa, penye madhara makubwa kuliko pengine pote. Nilinunua tepu nyeupe ya mafundi bomba, nikaizungusha mara mbili kwenye kiungio, nikachomeka, nikapuliza.

D ilitoka bila kuminya. B ya chini ilitoka, mbaya, lakini ilikuwa B. Pedi sijagusa hata moja.

Nilimpa baba mdogo. Hajaipuliza tangu meno ya mbele yaanze kumsumbua. Alishika, akashuka ngazi nzima polepole mpaka chini, akakwama kwenye B flati, akanirudishia. "Mimi nilidhani ni mapafu," akasema.

Sikujua la kumjibu. Miaka mingapi mtu anajilaumu yeye kwa kosa la kiungio.

Tarehe 19 Machi

Gerezani, mtaa wa mafundi wa chuma. Hapa kuna mambo mawili ya kuamua kesi: je, bomba limepinda, na nani ataligusa.

Fundi wa kwanza aliangalia dakika moja. Akapendekeza achomelee nguzo ya kibonyezo iliyolegea kwa gesi, kisha apige polishi chombo chote kwa mashine "kirudi kuwa dhahabu". Nikaifunga kasha nikamshukuru. Ule mwali ungeiyeyusha shaba yenyewe, na polishi ya mashine inakula chuma ambacho tayari ni chembamba kama kopo. Hata Brasso nimeikataza kikundini. Inaingia kwenye rodi zinazobeba vibonyezo, inakauka kama chokaa, na vibonyezo vinaanza kukwama.

Niliyemtafuta nilimpata mtaa wa pili: fundi rejeta. Mzee huyu amelehemu rejeta za shaba tangu magari ya zamani, kabla ya hizi za alumini na plastiki, kwa hiyo anajua jinsi ya kuunganisha shaba kwa risasi na moto mdogo bila kuiunguza. Aliigusa ile nguzo, akacheka. Kuna mtu, zamani, aliibandika kwa gundi ya tyubu mbili. "Huyu alikuwa na haraka," akasema. Bei yake ni 35,000 pamoja na kusafisha gundi yote.

Akanipeleka kwa jirani yake mkerezaji ambaye ana rula ya chuma iliyonyooka kweli. Tulitoa rodi ndefu zote, tukailaza rula kando ya matundu, upande hadi upande, tukatazama mwanga chini yake. Kisha tukarudisha rodi bila vibonyezo, tuone kama zinazunguka bila kugusa. Saksafoni iliyowahi kuanguka ikapinda hujulikana hapa: rodi zinabana, na kingo za matundu haziko usawa mmoja, na hapo hata pedi ya dhahabu haitaziba. Kama hii ingekuwa imepinda, ningeenda kikaoni kusema tununue, na shajara ingeishia leo.

Imenyooka. Kuna sehemu imebonyea kwenye kona ya chini, kubwa kama shilingi mia mbili, na mkerezaji anasema tuiache. Nakubaliana naye.

Kiungio cha shingo atakikerezea plagi ya chuma inayozidi tundu la kiungio kwa unywele tu, aiingize, atanue shaba taratibu kwa nyundo ya mbao. 30,000.

Tarehe 22 Machi

Kikao, baada ya futari. Nilisoma makadirio: pedi na usafirishaji, Gerezani, springi, gundi, nauli, jumla kama 250,000. Nikaeleza kwamba ile ya Kariakoo nayo itahitaji pedi kukalishwa upya, kazi ileile, juu ya 1,550,000.

Mpiga tromboni, kijana wetu mkali, alinijibu kwa hoja ambayo sikuwa nimejiandaa nayo. Alisema, "Kaka, kamati ya harusi haisikii pedi. Inaangalia video. Wale wenzetu wa Tabata wana vyombo vinang'aa, wanalipwa laki mbili zaidi." Na ni kweli. Sitaandika hapa kwamba alikosea, maana hakukosea.

Tukabishana saa nzima, na mabishano yakawa yanazunguka kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakitaja. Mhazini ndiye aliyekitaja. Yeye ni mama mtu mzima, hana muda wa kuzunguka. "Hela ni ya kikundi. Saksafoni si ya kikundi. Tukitia laki mbili na nusu kwenye mali ya mzee, kesho Mungu akimchukua, wanawe wakaja na kasha, tutasema nini?"

Kimya. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini baba mdogo alimaliza chai akaaga siku ile. Mtu aliyepiga miaka kumi na moja kwenye chombo cha mwajiri, akakipata kwa mishahara yake ya miezi saba, halafu leo anaambiwa kikundi kitakitengeneza: atakuwa anasikia nini? Na vijana waliotaka mpya hawakuwa wanapenda mng'aro peke yake. Walitaka chombo ambacho ni chetu.

Baba mdogo aliomba karatasi. Mtoto wa mwenye nyumba akachana ukurasa katikati ya daftari la hisabati. Aliandika mwenyewe, herufi za kulala za shule za zamani: saksafoni iko mikononi mwa kikundi kadiri kikundi kitakavyokuwa hai, kikundi kikivunjika inarudi kwa mjukuu wake wa kike, yule anayesoma Kibasila, matengenezo ni juu ya kikundi, na hakuna atakayedai mwenzake. Akatia saini, mashahidi wawili wakatia saini. Kisha akaikunja akaiweka ndani ya kasha, juu ya ile barua ya kwanza.

Tukakubaliana kutengeneza. Fedha zinazobaki hazigusi mtu mpaka msimu wa Desemba. Mpiga tromboni aliomba angalau mdomo wa nje upakwe nta ung'ae. Amepewa hilo.

Tarehe 24 Machi

Kupima. Nilitaka kupima pedi za zamani, nikakumbuka zimevimba na kusinyaa kwa miaka. Kinachopimwa ni kikombe chenyewe kinachoshika pedi, kwa ndani. Mkerezaji aliniazima vernia, kile kipimo cha milimita. Nimeagiza seti kwa mtandao, na ngozi, na karatasi ya kizibo, ile kama ya vizibo vya chupa za mvinyo, ya kuzungushia shingo mahali kipulizio kinapokaa.

Tarehe 31 Machi

Idi. Pilau kwa mhazini. Hakuna kazi.

Tarehe 4 Aprili

Springi. Hizi ni sindano hasa, zimesimama kwenye nguzo, ndizo zinazorudisha kibonyezo. Hewa ya bahari inazila: tatu zimekuwa nyekundu, moja ilikatika nilipoigusa. Nimetumia sindano nene za kushonea. Sindano ya dukani ni ngumu mno, inavunjika kama biskuti, kwa hiyo unaipitisha kwenye moto taratibu mpaka rangi igeuke buluu, hapo inapata unyumbufu. Ukizembea sekunde mbili inapita buluu inakuwa kijivu, imekuwa laini, haifai tena. Nimeharibu sita ili kupata nne. Pakiti ni shilingi mia tano.

Tarehe 14 Aprili

Pedi zimefika. Masika nayo imefika, mvua tangu alfajiri, Msimbazi imefurika na njia ya Jangwani imefungwa. Nimezunguka kwa bodaboda kupitia njia ambazo sikujua zipo. Mbili za seti ni ndogo kwa nusu milimita. Ya kwanza nitaiwekea gundi ya kutosha pembeni, mahali pa ya pili nitarudisha pedi ya zamani iliyo nzima.

Tarehe 16 na 17 Aprili

Nilidhani kazi ngumu ni kubandika. Kubandika ni rahisi: gundi ya kuyeyuka nyuma ya pedi, unaiweka kwenye kikombe, unapasha kikombe kwa taa ya spiriti, unafunga tundu kwa mkono mwepesi, unatazama mwanga, unapasha tena, unasogeza. Ukibana kwa nguvu unaipa pedi alama ya uongo. Inaziba leo, kesho inakaa ilivyotaka yenyewe. Nimeunguza pedi moja na rangi ya kikombe kimoja.

Kazi ngumu ni vibonyezo kusikilizana. Ukifunga F, kuna pedi ndogo ya juu yake lazima ijifunge pamoja nayo. Ukifunga E, vilevile, na D vilevile. Kinachoamua ni kipande cha kizibo chini ya kila mkono, na tofauti ya unene wa karatasi moja inatosha kuharibu. Kizibo kikiwa kinene, pedi ndogo inawahi na kubwa inabaki wazi. Ukikikwangua kidogo zaidi, kubwa inafunga na ndogo inavuja. Nilikaa na wembe na msasa kuanzia saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri kwa vibonyezo vitatu tu. Hapa ndipo nilipowaelewa mafundi wanaotoza fedha nyingi.

Leo Alhamisi Kuu saa kumi na mbili jioni, taa ndani, mlango umefungwa: giza pande zote. Nikapuliza B flati kwa mkono mwepesi, kama ninavyoshika kikombe cha chai. Ikatoka, nene, ikatikisa bati la jirani. Mtoto wake akalia.

Gharama halisi: pedi na usafirishaji 118,000, rejeta 35,000, kukereza 30,000, taa 10,000, gundi, kizibo na spiriti 14,000, sindano 500, nauli na bodaboda 22,000. Jumla 229,500.

Tarehe 26 Aprili

Siku ya Muungano na harusi ya kwanza baada ya Pasaka, kutoka kanisani Chang'ombe mpaka ukumbini Mbagala. Nilikuwa nimewaonya wote: mtu asinywe soda kabla ya kupuliza, sukari inashuka na mate inaganda kwenye pedi. Mimi mwenyewe, saa nane mchana, jua la baada ya mvua, nikanywa Fanta.

Kufika Mtoni kwa Azizi Ally, G shapu ikaganda. Hiyo ni pedi inayokaa imefungwa na springi yake ni dhaifu. Ikinata haifunguki. Nikapiga nyimbo mbili nikiikwepa, tabia ya zamani ikarudi bila kuitwa.

Ukumbini shangazi wa bwana harusi alikuja akicheza, akanibandika noti ya elfu mbili kwenye paji la uso. Nikaibandua, nikaipitisha chini ya pedi ya G shapu, nikafunga, nikavuta polepole. Ikaachia. Noti ilitoka na mstari wa njano wa Fanta, nikaitia mfukoni, tukaendelea.